Pombe ya Baba, Bangi ya Mjomba

Kaa karibu unisikilize, wewe unayeniuliza lipi ni baya zaidi, kunywa pombe au kuvuta bangi. Najua ungependa nikujibu kwa neno moja ili uende ukashinde ubishi. Wengi wameniuliza hivyo, na kila niliyempa neno moja aliondoka na wazo lile lile alilokuja nalo. Kwa hiyo nitakusimulia jambo moja tu, lililotokea nilipokuwa karibu kuolewa, wakati wa Hali ya Hatari ya mkoloni, huku kwetu Mbeere, upande wa Gachoka. Si jambo gumu. Ukipotea mahali, rudi nyuma kidogo usome tena. Hakuna anayekukimbiza.

Kwanza ujue mila moja, maana bila hiyo hutaelewa kwa nini sote tulihangaika. Kwetu msichana haondoki nyumbani kwenda kwa mume kabla mjomba wake, yaani ndugu wa kiume wa mama yake, hajambariki. Mjomba hushika pembe ya ng'ombe yenye pombe ya asali, akavuta funda moja, akampulizia msichana kifuani. Ni matone madogo tu, kama umande. Halafu humtamkia maneno mema, na hapo ndipo njia hufunguka. Mjomba mwingine hawezi kukopwa. Baba hawezi kushika nafasi hiyo, wala mchungaji.

Msichana akiondoka bila kupuliziwa, watu husema nyumba yake haitasimama. Unaweza kusema hayo ni maneno ya zamani. Mimi pia nimewahi kuyasema, tena kwa sauti. Lakini mama hakulichukua jambo hili kama ubishi wa vitabuni. Alikuwa na dada yake mkubwa aliyeolewa wakati mjomba wao yuko mbali, kwenye mashamba ya walowezi, wakasema watamalizia mila akirudi. Hakurudi. Aliyerudi ni yule dada, bila mume na bila mtoto, akakaa nyumbani kwa wazazi wake hadi alipokufa. Mama alimwosha yeye mwenyewe. Kwa hiyo aliponiambia, "Mjomba wako lazima akupulizie," sikujaribu kumweleza chochote.

Basi mwaka ule nilitaka kitu kimoja. Nilitaka mjomba aje, avute funda lake, anipulizie, nami niende zangu Embu kwa kijana niliyempenda, ambaye alikuwa fundi cherehani na alikuwa ameshaanza kuulizwa na wenzake kama kweli ana mchumba. Jambo dogo, utaona. Lakini lilikwama pande mbili: upande wa baba na upande wa mjomba mwenyewe.

Baba alikuwa mzee wa kanisa. Hakugusa pombe, na kanisa letu lilikuwa halimbatizi mtu mpaka aape kuiacha. Nakumbuka kidogo jinsi alivyokuwa kabla ya kiapo hicho. Jioni tulijua kusikiliza miguu yake njiani. Ikija sawasawa, tuliendelea kula. Ikija kwa kuburuta, mama alitusogeza sisi watoto upande wanakolala mbuzi, yeye akabaki jikoni peke yake. Asubuhi baba alikuwa mpole kabisa, akituuliza kama tumekula, akimtengenezea mama jiko lililovunjika kana kwamba limevunjwa na paka. Halafu alibatizwa, na tangu siku hiyo miguu yake ilikuja sawasawa. Sikuwahi kuona mtu akishika neno lake kama yeye.

Mjomba alikuwa mtu wa nyuki. Mizinga yake ilining'inia kwenye migunga ng'ambo ya korongo, na watu walitoka mbali kununua asali yake. Alikuwa pia akivuta bangi, kwenye kiko kidogo cha udongo alichokirithi kwa baba yake. Hakuwahi kumpiga mtu. Hakuwahi hata kumfokea mbuzi. Watoto wote tulimpenda kwa sababu alicheka tulipocheka, na mara nyingine alicheka kabla yetu. Lakini ukienda kwake asubuhi, uliyemkuta akifanya kazi ni mkewe. Ni yeye aliyetoka mtoni na maji, ni yeye aliyepalilia, ni yeye aliyetafuta mbuzi waliopotea wakati mjomba alipokuwa akiwachunga. Alikuwa mwanamke mwembamba, na kila mwaka alizidi kuwa mwembamba.

Sasa sikiliza jinsi mambo yalivyochanganyika. Kanisa lilikataza pombe kwa jina, lakini katika kiapo chake bangi haikutajwa. Mjomba alipenda kumkumbusha baba jambo hilo. "Dini yenu hainijui kwa ubaya, shemeji," alikuwa akisema. "Mlikumbuka kibuyu, mkasahau kiko." Serikali nayo ilikuwa kinyume. Pombe uliweza kupika kama chifu amekupa ruhusa, na pale kwenye kituo cha homgadi, vijana wa kijiji waliopewa silaha na serikali, waliinywa kila Jumamosi bila kujificha. Bangi ilikuwa kifungo. Na wakati huo haikuwa kifungo tu. Wakubwa walikuwa wameamini kwamba watu wa msituni, wapiganaji waliompinga mkoloni, huvuta bangi wapate ujasiri, kwa hiyo aliyekamatwa nayo aliulizwa anampelekea nani. Maswali hayo hayakuwa na jibu zuri. Watu walichukuliwa kwa lori, wakakaa huko kizuizini mpaka wake zao wakaacha kusimama barabarani.

Baadaye, nilipokwisha kuzoea maisha ya mjini Embu, nilikuwa na jirani Mwislamu, mchinjaji, mtu mwema sana. Nilimuuliza swali hili lako. Akaniambia kwao hakuna ugumu: kinachopoteza akili hakivuki mlango, kiwe cha kunywa au cha kuvuta. Mkewe alimtazama shavu lake lililojaa miraa, akaendelea kukata vitunguu. Nasema haya ili uone kwamba kila mlango una kizingiti chake, na kila mwenye nyumba ana kitu anachokipitisha kwa pembeni.

Turudi kwetu. Tulikuwa tumehamishwa kutoka kwenye maboma yetu ya zamani tukakusanywa katika kijiji kimoja, nyumba zimebanana, handaki limezunguka pande zote na ndani yake vijiti vimechongwa. Kutoka ni kwa ruhusa, kuingia ni kwa ruhusa, na jua likizama kila mtu ndani. Katika nyumba kama hizo huwezi kukohoa jirani asijue. Mjomba alikuja siku moja mchana kuzungumza na baba juu ya harusi. Mama alikuwa anapukuchua mbaazi, mimi nikimsaidia, na ndivyo nilivyosikia kila kitu.

"Shemeji," baba alianza, "nimefikiri sana. Harusi hii itakuwa ya chai."

"Chai ni nzuri," mjomba akasema. "Naipenda. Lakini tangu lini mtoto akapuliziwa chai? Utamuunguza."

"Ngoja ipoe."

"Ikipoa nitakuwa nampulizia majani."

Mama aliinama juu ya mbaazi zake. Baba hakucheka.

"Niliapa mbele ya watu," akasema. "Pombe haitaingia nyumbani mwangu."

"Uliapa usiinywe. Uliapa na mimi nisiipulize?"

"Na wewe unayenifundisha kuapa, majani yako utayaacha lini? Mtu anayenuka bangi ndiye wa kumbariki binti yangu? Wakikukamata siku hiyo, sote tutamalizia harusi kwenye lori."

"Bangi haijawahi kumpiga mtu," mjomba akasema.

Hakusema kwa ukali. Lakini nyumba ilinyamaza, kwa maana sote tulijua ni nani aliyekuwa akimpiga mtu, na aliyepigwa alikuwa ameketi pale na ungo wa mbaazi mapajani. Baba alitazama mikono yake. Nilidhani mazungumzo yamekufa hapo, na ndoa yangu nayo imekufa.

Mama ndiye aliyesema.

"Ndugu yangu, kweli haijampiga mtu. Mtama wenu mwaka juzi uliliwa na nani?"

"Na ndege."

"Na juu ya dungu alikuwa nani, wa kuwafukuza?"

"Mimi."

"Ulikuwa ukifanya nini?"

Mjomba alifikiri. "Nilikuwa nawatazama."

"Walikuwa wazuri?"

"Walikuwa wengi, dada."

Baba alijaribu kuzuia kicheko akashindwa, na mjomba mwenyewe akacheka mpaka akafuta macho. Mama hakucheka. Alingoja wamalize, kisha akawaambia wote wawili kama anavyoambiwa mtoto akagawane muwa na mwenzake. Baba atatoa pembe moja ya pombe, ya kumbariki mtoto, wala hatainywa. Mjomba atatoa kiko chake, na hataligusa jani lolote mpaka mtoto afike kwa watu wake.

"Mpaka afike," mjomba akauliza, "au mpaka nisikie kwamba amefika?"

"Mpaka nikuambie mimi."

Alichomoa kiko kutoka mfukoni mwa koti lake akampa. Mama alikitia chini ya mbaazi.

Ukiwa na haraka utasema mambo yalikwisha hapo. Chifu alitoa ruhusa ya kibuyu kimoja kikubwa. Mke wa mjomba alikausha matunda ya muratina yanayotumika kuchachusha. Ilibaki asali tu. Lakini palikuwa na jambo ambalo mjomba alimwambia dada yake peke yake. Majani yake yaliyobaki, fungu zima, hakuweza kuyachoma. Katika kijiji kile harufu ingefika kituoni kabla ya moshi. Hakuweza kuyatupa, kwa sababu kila takataka ilikuwa na jirani. Akayapeleka nje, siku aliyoruhusiwa kwenda kutazama mizinga, akayatia ndani ya mzinga wa zamani ambao nyuki walikuwa wameuhama, akaufunga.

Nikueleze kwa nini alichagua hapo. Kwetu mzinga wa mtu haufunguliwi na mwingine. Unaweza kuiba mbuzi ukalipa, ukaiba mke ukalipa. Ukifungua mzinga wa mwenzako, unalaaniwa wewe na watoto wako, na hakuna atakayekutetea. Hata watoto watundu walipita chini ya mizinga bila kuinyooshea kidole. Kwa mtu wa kwetu, hilo ndilo lilikuwa sanduku lenye kufuli kubwa kuliko zote. Mjomba alisahau jambo moja tu, kwamba siku hizo si watu wote waliokuwa wakipita kule walikuwa wa kwetu.

Siku ya kuvuna asali tulipewa walinzi watatu. Wawili walikuwa homgadi, vijana wa kijiji chetu. Wa tatu alikuwa koplo aliyeletwa kutoka mbali, na alikuwa hajakaa hapo muda mrefu. Wanawake hawakaribii mizinga, kwa hiyo mama nami tulisimama na vyombo vya asali kando ya kichuguu, mahali tulipoweza kuona na kusikia.

Mjomba alianza kwa kuonya.

"Afande, asali huvunwa giza likiingia. Mchana nyuki wako kazini. Hawapendi wageni."

"Giza likiingia kuna kafyu," koplo akasema.

"Ndiyo, afande. Wao hawajaambiwa."

Wale homgadi walitazama miguu yao. Mjomba aliwasha mwenge wake wa magome makavu, akapanda mgunga wa kwanza, akapuliza moshi polepole, akavuna. Aliumwa mara chache, akashuka na asali nyeupe ambayo hata koplo alitaka kuionja. Nilianza kupumua. Nilikuwa sijui bado kilichokuwa ndani ya mzinga wa mgunga wa pili. Lakini koplo alikuwa akizunguka, ameinua kichwa.

"Na ule pale?"

"Ule ni mtupu, afande."

Mkono wa mama ulinishika kifundo cha mkono. "Iko humo," akaninong'oneza. Hakuhitaji kusema ni nini.

"Kama ni mtupu, mbona umefungwa?"

"Mzinga mtupu hufungwa, afande. Mijusi."

Koplo akasema kwamba amesikia watu wa msituni wakiwekewa vitu kwenye mizinga. Akamgeukia homgadi wa kwanza. "Panda ufungue."

"Mimi, afande? Huo si mzinga wangu."

"Sikuuliza ni wa nani."

"Afande, kwetu mtu hafungui mzinga wa mwenzake. Afadhali unitume nikamate chui."

"Nawe?"

Wa pili alikuwa mfupi, mnene kidogo. "Mimi naogopa laana, afande, na naogopa kupanda. Vyote viwili."

"Basi mwenyewe atafungua," koplo akasema, akaweka bunduki begani.

Sitakuficha nilichokiona akilini wakati mjomba anapanda. Niliona lori. Nilimwona mke wa mjomba akisimama barabarani. Na nikaona, kwa aibu ninayoikumbuka, kwamba hakuna mtu mwingine duniani awezaye kunipulizia, na kwamba mama atanitazama maisha yangu yote akimwona dada yake. Mjomba alipanda polepole kuliko nilivyowahi kumwona akipanda. Alipofika juu hakushika kifuniko. Aliegemeza sikio lake kwenye gogo la mzinga. Akakaa hivyo. Halafu akatutazama chini, na uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyekuta wageni sebuleni.

"Afande," akasema, "mzinga huu si mtupu."

"Ulisema ni mtupu."

"Nilisema. Wamehamia."

"Fungua."

"Ningekuwa wewe ningesimama kule kwa akina mama."

"Nimesema fungua."

Akafungua.

Sijui kama umewahi kuona kundi jipya la nyuki likifunuliwa jua la adhuhuri, bila giza na bila moshi wa kutosha. Hawakutoka mmoja mmoja. Walitoka kama maji. Homgadi wawili walikimbia upande wa kijiji, yule mnene akiwa mbele. Koplo alikimbia upande wa mto, kofia ikabaki, bunduki ikabaki, na hakusimama mpaka alipojilaza kwenye dimbwi. Mama alinivuta nyuma ya kichuguu akatufunika sote wawili kwa shuka yake. Tulikaa humo tukisikia mvumo ule ukipita juu, na nilisikia kifua chake kikitikisika. Nilidhani analia. Alikuwa anacheka, bila sauti, akiuma ncha ya shuka.

Nyuki walipotulia, mjomba alikuwa ameshakifunga kifuniko na ameshashuka, uso umemvimba mpaka jicho moja limefumba. Alimpelekea koplo bunduki na kofia yake mtoni kwa heshima kubwa. Koplo naye alikuwa amevimba. "Funga kila kitu," alisema. "Hakuna mtu wa msituni angeweka kitu humo." Hakuna aliyeuliza tena habari za mizinga.

Sasa nifuate hapa, maana ndipo penye uzito. Nyuki hawahamii mahali panapoguswaguswa. Wanataka mzinga uliotulia. Kama mjomba angevunja neno lake, akarudi hata mara moja kuchukua majani kidogo, nyuki wangeshtuka wakaondoka, na siku ile koplo angekuta mzinga mtupu wenye fungu la bangi. Kilichomwokoa ni kwamba alikuwa ameacha kweli. Mjomba mwenyewe ndiye aliyetueleza hivyo tuliporudi nyumbani, mke wake akimtoa miiba ya nyuki usoni kwa ukucha. Alieleza huku akishangaa, kama mtu anayesimulia wema aliotendewa na mtu asiyemfahamu. Mkewe alimaliza shavu moja akamgeuza kichwa aanze la pili, na niliona kwamba alikuwa akifanya hivyo kwa upole zaidi ya ulivyohitajika.

Baba alikuwa akituzunguka huku akisikiliza. Alikuwa amesikia habari za nyuki kabla hatujafika, na nadhani alikuwa ameogopa kuliko sisi. Alikaa kwenye kigoda chake. Halafu akamuuliza mama swali ambalo sikuwahi kusikia mwanamume wa kwetu akimuuliza mkewe, tena mbele ya watu.

"Mama yao, ipi ilikuwa mbaya zaidi? Yangu, au ya ndugu yako?"

Mjomba aliacha kuguna. Mke wake alisimamisha ukucha.

Mama alikuwa anakamua masega, akaendelea kukamua mpaka lile alilolishika likaisha.

"Yako niliiogopa," akasema. "Yake sikuiogopa. Ilinichosha tu, na huyu hapa ilimchosha zaidi." Akamwonyesha wifi yake kwa kidevu. "Kuogopa ni kubaya kuliko kuchoka. Lakini mimi niliogopa miaka michache ikaisha. Yeye anachoka mpaka leo. Kwa hiyo msiniulize mimi peke yangu."

Baba akamgeukia mke wa mjomba. "Na wewe?"

Yule mwanamke mwembamba aliangalia chini. Nadhani hakuwahi kuulizwa. "Wiki hizi," akasema, "nimeamka nikakuta kuni zimepasuliwa." Mjomba alijaribu kufanya mzaha, akaona hauji.

Pombe ilichachuka vizuri. Siku ya kubarikiwa tulikusanyika watu wachache, wale walioruhusiwa, na homgadi wawili mlangoni wakilinda kibuyu kwa uangalifu mkubwa kuliko walivyolinda handaki. Mjomba alikuwa na uvimbe bado. Alishika pembe kwa mikono miwili, akavuta funda lake, akanipulizia. Yalikuwa matone baridi, yananukia asali na kuni. Akasema nikawe na nyumba yenye sauti ya watoto na miguu inayokuja sawasawa. Sijui kama alichagua maneno hayo kwa makusudi. Mama aliinamisha kichwa.

Kwa mila, pembe ikitoka kwa mjomba huenda kwa baba. Mjomba alimpa. Watu wote walimgeukia. Baba aliishika, akaiangalia ndani. Halafu akampa mzee aliyeketi kando yake. "Nimeipokea," alisema. "Imenifikia." Mzee akanywa kwa niaba yake na kwa niaba ya ukoo mzima, na kelele zikarudi. Nilijisikia mwepesi kama mtu aliyeshushiwa mtungi kichwani. Mama alitoka nje, akakaa juani, akanyoosha miguu, jambo ambalo sikumbuki kumwona akilifanya mchana.

Niliondoka Gachoka na pasi yangu ya kusafiria mkononi na njia yangu ikiwa wazi. Mjomba alirudia kiko chake baadaye, si kama zamani, lakini alikirudia. Sitakudanganya ili hadithi ipendeze. Alikuwa akivuta baada ya kazi, na mkewe aliponenepa kidogo tulimtania sote. Baba hakunywa tena. Mimi nimezaa, nimelea, na nyumba yangu imesimama. Ukisema ni kwa sababu ya yale matone, sitabishana nawe, na ukisema sivyo, sitabishana pia.

Sheria itakuambia lake, na imani yako itakuambia lake, na yote mawili ni vizuri kuyajua na kuyaheshimu. Lakini hayo mawili hayakumwona mke wa mjomba. Aliyemwona ni baba, siku alipouliza. Kwa hiyo, kama katika nyumba yako kuna kibuyu, au chupa, au kiko, usianze kwa kubishana ni kipi kibaya. Nenda leo kwa yule anayeamka kwanza katika nyumba hiyo. Ngoja akae chini. Muulize kama anaogopa, kisha muulize kama amechoka, na usimkatize mpaka amalize.